Barua ya wazi: Tufungulieni barua pepe bila kutudai namba ya simu

Kwa wakuu wa kampuni za barua pepe mnaowahudumia Watanzania;
Kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi;
Kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

YAH: KUDAIWA NAMBA YA SIMU WAKATI WA KUFUNGUA BARUA PEPE

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Ninawaandikia kutoka Tukuyu, wilayani Rungwe, kwenye steshenari ndogo iliyo hatua chache kutoka stendi. Nina kompyuta mbili, printa, mashine ya fotokopi na mashine ya laminesheni. Nachapa barua za maombi, naskani vyeti, nawajazia fomu za mtandaoni wasio na kompyuta. Na kwa miaka mingi sasa nawafungulia watu barua pepe. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonikalisha niandike, maana imenikabidhi kitu kisicho changu.

Kwenye droo ya meza yangu kuna daftari. Ukurasa wake wa mwisho una majina ya watu 19. Ni watu waliofungua barua pepe hapa kwangu kwa laini tatu: yangu, ya mume wangu na ya mdogo wangu. Siku walipokuja hawakuwa na namba ya kuweka, nasi tulikuwa nazo. Leo mmoja wao yuko chuo, mwingine ni mhudumu wa zahanati, wengine sijui walipo. Lakini nikitaka, usiku wa leo naweza kukaa kwenye kompyuta, nikaandika anwani ya mmojawapo, nikabonyeza pale penye maneno ya kusahau nywila, na tarakimu sita zikaingia kwenye simu iliyo mkononi mwangu. Baada ya dakika moja ningekuwa ndani ya barua zake: vyeti alivyotuma, majibu ya usaili, yote. Sijawahi kufanya hivyo na sitafanya. Ila linalomlinda mtu huyo ni uaminifu wa mama wa steshenari, na mimi nasema hiyo si kinga ya kumpa mtu.

Niwaeleze inavyotokea, kwa sababu nadhani hamjawahi kukaa upande huu wa meza.

Binti wa miaka 17 anashuka kwenye gari kutoka Kandete. Amemaliza kidato cha nne, anataka kuomba chuo, na dirisha la maombi linafungwa usiku huohuo. Nauli amepewa na bibi yake. Mfumo wa chuo unataka barua pepe. Hana. Tunafungua ukurasa wa kampuni moja kubwa, tunaweka jina, tunaweka tarehe ya kuzaliwa, tunatunga nywila naye anaiandika nyuma ya bahasha. Halafu ukurasa unasema: weka namba ya simu. Hakuna pa kuruka. Ananitazama. Kitambulisho cha NIDA hana, umri haujafika, kwa hiyo hana laini kwa jina lake. Simu ya nyumbani ni kitochi cha babu, nacho kiko Kandete, na babu yuko shamba. Hata tungempigia akapokea, ingebidi mtu amsomee ujumbe ulioandikwa kwa Kiingereza, kabla haujaisha muda. Saa kumi na moja gari la mwisho linaondoka. Basi naweka namba yangu. Binti anafurahi, ananishukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo mama, anakimbilia stendi. Amepata barua pepe, ila ufunguo wake umebaki kwenye droo yangu.

Mnaweza kusema angeleta simu ya mzazi. Wengi huleta. Nyumba yenye watoto watano huwa na namba moja au mbili, na mtoto wa kwanza anafunguliwa, wa pili anafunguliwa, akija wa nne au wa tano ukurasa unajibu kwamba namba hiyo imetumika mara nyingi mno. Huyo wa tano amekosa nini? Na wale waliotangulia sasa wote wamefungwa kwenye simu moja ya baba. Baba akiiuza, akiipoteza mtoni, au akigombana na kijana wake akaamua kumkomoa, ndugu wote wanaingia hatarini kwa pamoja. Nimeona pia mama ambaye laini yake ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mumewe kwa sababu yeye hakuwa nacho. Walipoachana, mume alikwenda kwa wakala akairudisha laini kwa jina lake, kwa kuwa ilikuwa ya jina lake kweli. Barua pepe ya yule mama, aliyokuwa akiandikiana nayo na mwanasheria wa msaada, ilikwenda pamoja na laini. Nilimwona akikaa kwenye benchi langu bila kusema neno kwa muda mrefu.

Mwingine alikwenda Muscat kufanya kazi za ndani. Miaka miwili na miezi. Barua pepe yake aliifungua kabla ya safari, kwa namba yake ya hapa nyumbani, iliyosajiliwa kwa alama zake za vidole, hakuna kosa lolote. Kule akatumia laini ya Oman. Laini ya Tanzania ilikaa bila vocha mpaka ikafungwa. Alipopata simu mpya akataka kuingia kwenye barua pepe, kampuni ikasema tumetuma tarakimu kwenye namba yako. Nywila alikuwa nayo, anaikumbuka, ni sahihi. Hawakuitaka peke yake. Aliporudi tukaipigia ile namba kutoka hapa kwangu, akapokea kijana mmoja dereva wa bodaboda, mkoa mwingine kabisa, aliyeuziwa laini hiyo kihalali. Kijana alikuwa mwungwana, akakubali kutusomea ujumbe. Fikirini alivyokuwa na bahati. Nakala ya mkataba wake wa kazi na picha za pasipoti yake zilikuwa humo.

Hilo la namba kuhama mikono si la kwetu tu. Mwaka 2021 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walichukua namba 259 ambazo kampuni mbili kubwa za simu za nchi hiyo zilikuwa zikiwapa wateja wapya. Namba 171 kati yake zilikuwa bado zimefungamana na akaunti za watu waliotangulia kwenye tovuti maarufu. Hiyo ni zaidi ya nusu, katika nchi ambayo watu wengi hukaa na namba moja kwa mkataba. Sisi tunaobadili laini kufuata bando, tunaopoteza simu kwenye daladala, tunaohama kutoka kijijini kwenda mjini na kurudi, hali yetu haiwezi kuwa nafuu kuliko hiyo.

Kuna jambo ambalo nawaomba wakuu wa kampuni za nje mlielewe vizuri, maana naona mnalichukulia kana kwamba namba ya simu ni kitu chepesi, kama vile kumuuliza mtu anakaa mtaa gani. Kwetu sivyo. Kuanzia Mei 2019 laini za simu Tanzania zilianza kusajiliwa upya kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na Januari 2020 ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Laini ya mtu leo imebeba kidole chake. Tena imebeba pesa zake: mshahara wa kibarua, ada ya mtoto, michango ya msiba, hela ya kikoba, vyote vinapita humo. Na imebeba jina lake. Mtu yeyote mwenye namba yangu akianza kunitumia pesa, hata shilingi mia tano, jina langu kamili linamtokea kabla hajathibitisha. Kwa hiyo ukinidai namba ya simu umenidai jina langu la kwenye kitambulisho, umejua pochi yangu ilipo, na umepata njia ya kunifikia mchana na usiku. Hayo yote kwa ajili ya kunipa sanduku la barua tu.

Halafu namba hizo huvuja. Aprili 2021 taarifa za watumiaji milioni 533 wa Facebook kutoka nchi 106 ziliwekwa hadharani, na kilichokuwa na thamani zaidi humo kilikuwa namba za simu. Mei 2022 Twitter ilikubali kulipa dola milioni 150 nchini Marekani, kwa sababu kwa miaka kadhaa iliwaambia watu watoe namba za simu na barua pepe kwa ajili ya usalama, kisha ikazitumia kuwalenga kwa matangazo. Walioguswa walikuwa zaidi ya milioni 140. Nayataja haya kwa sababu kila mara ukurasa unapomdai mteja wangu namba, chini yake pameandikwa kwamba ni kwa usalama wake. Sitaki kuwaita waongo. Nasema tu kwamba neno hilo lilikwishatumiwa vibaya na wakubwa, na mtu wa Tukuyu hana namna ya kujua nani analitumia vizuri. Anachokijua ni ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unaoingia kila wiki kutoka kwa matapeli, na hajui namba yake waliipata wapi.

Hata huo usalama wenyewe una walakini. Taasisi ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, iliuweka uthibitisho kwa SMS katika kundi la njia za kutumiwa kwa tahadhari, kwa sababu ujumbe unaweza kuelekezwa kwingine na laini inaweza kuhamishwa. Agosti 2019 Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa Twitter yenyewe, akaunti yake ilitekwa na watu waliofanikiwa kuihamisha namba yake ya simu. Kama mkuu wa kampuni hakunusurika, mhudumu wa zahanati atanusurikaje? Wakala wa laini anayekaa chini ya mwavuli hapo nje ya duka langu hufanya kazi kwa kamisheni. Wengi wao ni waaminifu. Lakini akiba nzima ya maisha ya mtu ya kidijitali haipaswi kuning'inia kwenye mwavuli huo.

Najua sababu yenu, nami sitaipuuza. Nafunguaje barua pepe kila siku bila kuona uchafu unaotumwa? Kuna watu wanaoandika programu za kufungua akaunti maelfu kwa saa, wakazitumia kutapeli na kusambaza virusi. Namba ya simu ni kizingiti: kila akaunti iwe na gharama kidogo. Ninaelewa. Ila tazameni kizingiti hicho kinamzuia nani. Tapeli mwenye mtaji ananunua laini kwa jumla, au anakodi namba mtandaoni kwa ajili ya ujumbe mmoja tu, biashara hiyo ipo na inajulikana. Binti wa Kandete hana hata laini moja. Kizingiti kimewekwa usawa wa mfuko, na mwenye mfuko ndiye anayekivuka.

Kibaya zaidi, mnawasukuma vijana kwenye hatari. Kuna tovuti zinazotoa namba za bure za kupokelea ujumbe, na kila ujumbe unaoingia unasomwa na dunia nzima. Kijana mmoja alikuja kwangu akiwa na barua pepe aliyoifungua kwa njia hiyo, akajiona mjanja, na mimi siku hiyo sikujua la kumwambia. Wiki chache baadaye hakuweza kuingia tena. Mtu mwingine, popote alipo duniani, alifungua tovuti ileile, akaomba nywila mpya, akasubiri tarakimu zionekane. Wengine wananunua akaunti zilizokwisha kufunguliwa kutoka kwa wauzaji wa mitaani, na muuzaji anabaki na namba. Wanafanya hivyo kwa sababu mlango wa halali umefungwa na kesho ni mwisho wa kutuma maombi.

Na njia nyingine zipo. Si ndoto yangu. Proton, kampuni ya Geneva iliyoanza mwaka 2014, na Tuta ya Hannover, Ujerumani, kwa kawaida hufungua akaunti bila kumdai mtu namba ya simu. Wakiona mashaka wanaweka fumbo la kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu, au wanakuambia usubiri. Kwa Tuta unaweza kusubiri hadi saa 48 kabla ya kuruhusiwa kutumia. Kwa kurejesha akaunti, Proton inaweza kukupa maneno 12 ya kuandika kwenye karatasi, na Tuta hukupa msimbo mrefu wa kuhifadhi. Zinaendesha shughuli zao hivyo miaka yote hii. Nimeanza kuwafungulia wateja wangu huko. Shida ni kwamba wengi wanaomba ile barua pepe wanayoijua, na simu janja wanazouziwa zinataka akaunti ya kampuni fulani ndipo waweze kupakua programu. Kwa hiyo siwezi kusema tu kwamba waende kwingine, nikaacha kuwaandikia ninyi wakubwa.

Ninachokipenda zaidi ni karatasi. Mtanisamehe, ni kazi yangu. Hapa kwetu mtu anajua kutunza karatasi muhimu. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo, hati ya kiwanja, vyote vimetiwa laminesheni na viko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, au kwenye mfuko wa rambo nyuma ya picha ya ukutani. Mkimpa mtu misimbo kumi ya akiba, yaani tarakimu za kumrudisha ndani ya akaunti bila simu, siku anapofungua akaunti, mimi nitamprintia, nitaitia laminesheni, ataiweka hapo. Haiwezi kuuzwa kwa mwendesha bodaboda wa mkoa mwingine. Haifungwi kwa kukosa vocha. Haina jina la mume juu yake. Baadhi yenu mnayo misimbo hiyo tayari, ila mnaitoa baada ya mtu kuweka namba ya simu, wakati yeye aliihitaji mwanzo kabisa. Na Apple tangu mwaka 2021 imeruhusu mtu kumteua mtu wake wa kuaminika wa kumsaidia kurudi kwenye akaunti. Kwetu huyo angekuwa shangazi, mwalimu, au katekista. Watu wetu wanajua kudhaminiana; ndivyo vikoba vyetu vinavyokwenda.

Kuhusu matapeli wa akaunti nyingi, akaunti isiyo na namba ingeweza kuanza polepole. Siku za mwanzo iruhusiwe kutuma barua chache tu kwa siku, kisha iongezewe kadiri inavyoonekana kutumika kistaarabu. Binti wa Kandete anahitaji kutuma maombi mawili na kusubiri majibu. Barua tano kwa siku zinamtosha na zaidi. Anayetaka kutuma elfu kumi kwa saa, barua tano hazimfai kitu. Hapo mngekuwa mmemzuia mtu sahihi.

Tena SMS zenyewe zinawagharimu. Machi 2023 Twitter iliacha kuwatumia SMS za uthibitisho wasiolipia huduma, na mmiliki wake, Elon Musk, alilalamika kwamba kampuni inapoteza mamilioni ya dola kwa mwaka kwa SMS za ulaghai. Kwa nini basi kung'ang'ania?

Sasa nigeukie Tume yetu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ninyi mkazinduliwa rasmi Aprili 2024. Nilifuatilia uzinduzi huo kwa matumaini makubwa. Sheria inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linaloeleweka, na zisizidi zile zinazohitajika kwa lengo hilo. Barua pepe inaweza kufanya kazi bila namba ya simu. Imefanya hivyo tangu Ray Tomlinson alipotuma ujumbe wa kwanza kati ya kompyuta mbili mwaka 1971, na mamilioni ya akaunti za miaka ya tisini hazikuwa na namba yoyote. Kwa hiyo nauliza kama raia: je, kumlazimisha mtu atoe namba, bila kumpa njia mbadala, kunapita kwenye kipimo hicho? Nawaomba mlitolee mwongozo. Wenzetu wa Kenya, katika Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 31, wameandika waziwazi haki ya mtu kutodaiwa taarifa za familia yake au mambo yake binafsi pasipo ulazima. Katiba yetu nayo, ibara ya 16, inayalinda maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake. Sioni kwa nini ulinzi huo uishie pale mtu anapofungua sanduku la barua.

Mamlaka ya Mawasiliano nina maombi mawili kwenu. La kwanza ni kipindi cha kupumzisha namba kabla haijauzwa tena. Kirefusheni, na mkitangaze kwa lugha ambayo mteja wa kitochi ataielewa, kwa SMS na redioni, ili anayesafiri ajue laini yake itakaa hai mpaka lini. La pili ni kuwapa kampuni za mtandao namna ya kuuliza kama namba fulani imebadili mwenyewe, bila kuambiwa mwenyewe ni nani. Marekani walianzisha hazina ya namna hiyo Novemba 2021, na namba iliyoachwa haigawiwi tena mpaka zipite siku 45 angalau. Kwa mtu aliyeko Muscat siku 45 si kitu, kwa hiyo kwetu ziwe nyingi zaidi, lakini wazo lenyewe linafaa.

Na ofisi zote zenye mifumo ya maombi mtandaoni, za umma na za binafsi: kama ni lazima mtu awe na barua pepe ndipo aombe kazi au chuo, mjue kwamba mmemwambia awe na simu, laini na kitambulisho kabla hajaruhusiwa hata kuandika jina lake. Wekeni njia ya pili kwa asiye navyo. Namba ya mtihani anayo, hiyo hakuna aliyemnyima.

Narudi kwenu wakuu wa kampuni. Ombi langu ni moja na linatekelezeka: pale mnapodai namba ya simu, wekeni chini yake njia nyingine iliyoandikwa kwa herufi za ukubwa uleule, kwa Kiswahili. Mtu achague. Anayetaka kuweka namba aweke. Wako wengi ambao inawafaa, nami nitawasaidia kama kawaida. Asiyetaka au asiyeweza apewe fumbo, asubiri siku mbili, aanze na barua tano kwa siku, akabidhiwe misimbo yake kwenye karatasi. Na aliyeweka namba zamani aruhusiwe kuiondoa bila kwanza kupokea ujumbe kwenye laini ambayo haipo tena, iwapo nywila anayo na anaingia kwenye kifaa chake cha siku zote.

Nimeanza upande wangu bila kusubiri majibu yenu. Tangu mwezi uliopita nawatafuta wale 19 wa kwenye daftari, mmoja mmoja. Akija, tunaingia pamoja kwenye akaunti yake, tunaondoa namba yangu, tunaweka yake kama sasa anayo, au tunamfungulia kwingine na kuhamisha barua zake. Sitozi kitu. Nimefikisha watu 11, na majina yao nimeyakata kwa kalamu nyekundu mbele yao ili waone. Wanane bado sijawapata. Mmoja nasikia yuko Tunduma, mwingine aliolewa Kyela, mwalimu wao wa zamani ananisaidia kuulizia. Kwa sababu yao, laini zote tatu naendelea kuziwekea vocha kila mwezi zisije zikafungwa, na simu yenye laini hizo nalala nayo karibu na mto.

Wenu katika utumishi wa wateja,

Mwenye steshenari,
Tukuyu, Rungwe.